Filimbi ya Babu na Migomba ya Mama

Siku ya kwanza babu yangu kufika nyumbani kwetu Ilomba, alimkimbiza mama yangu kama mwizi.

Sisemi kwa mafumbo. Alimkimbiza kweli, na mvi zake zote, koti lake refu la polisi likipigapiga magotini, filimbi mdomoni. Majirani walitoka nje wakidhani kuna moto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji ya kumnawisha mgeni, na yale maji yote yakanimwagikia miguuni. Hata leo nikikumbuka huanza kwa kucheka, halafu katikati ya kicheko sijui kinaniingia nini, najikuta natafuta kanga nifute macho.

Jina lake sitaliandika. Mama hakulitamka hata mara moja katika miaka yote waliyokaa uwanja mmoja, nami nikiliandika hapa nitajiona nimemkosea.

Babu alikuwa Mhehe wa Idodi, upande wa Iringa, kwenye joto na vumbi. Ujana wake karibu wote aliumalizia katika polisi, mpaka akastaafishwa na kurudi kwao kulima. Mama ni Mnyakyusa wa Rungwe, kwenye mvua na migomba. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka mjini Mbeya. Alipeleka mizigo Iringa, na akirudi hupitia Chimala kupakia mchele. Ndoa yake na Mama ilifungwa kanisani huku huku Mbeya. Babu hakuja, safari ilikuwa ngumu na Bibi alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo nilizaliwa, nikaota meno, nikaingia shule, na bado Mama na baba mkwe wake walikuwa hawajaonana.

Kisha Bibi akafariki. Baba akaona baba yake hawezi kukaa peke yake kule, anajipikia uji, anazungumza na mbuzi. Akamleta.

Wakati huo nilikuwa darasa la nne, na kichwa changu kilikuwa kinaelea tu. Ndege ikinguruma kuelekea kiwanja cha Mbeya nilikuwa naiambia ningoje kidogo, nafunga mzigo. Niliposikia Babu alikuwa polisi nikamtengeneza kichwani: mrefu kama mlingoti, tarabushi nyekundu, sauti ya radi. Akashuka kwenye lori mzee mwembamba, mguu mmoja unavuta kidogo, ameshika sanduku la bati na kuku mmoja wa zawadi. Sikuwa na muda wa kushangaa, maana papo hapo Mama, aliyekuwa jikoni tangu alfajiri akimpikia yeye huyo huyo, alitupa mwiko, akajifunika kanga kichwani, akatoka mbio kuelekea kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Babu akaona mwanamke anatoka jikoni kwa mwanawe anakimbia.

Kuku akaachiwa. Filimbi ikatoka mfukoni. Piiiii!

"Simama! Simama hapo hapo!"

"Baba!" Baba yangu anapiga kelele kutoka kwenye usukani. "Baba, acha! Huyo ni mkamwana wako!"

Babu alisimama katikati ya uwanja, anahema. Akamtazama Baba, akatazama migomba ilivyokuwa ikitikisika.

"Mkamwana gani," akasema, "anamkimbia mkwewe?"

Kwao Babu, mkamwana akisikia mkwe amefika huja mbele, hupiga magoti, husalimu polepole, "Kamwene", anauliza habari za safari, za ng'ombe, za mvua, na kila habari inajibiwa. Kisha huleta maji. Babu alikuwa amekaa ndani ya lori tangu Iringa akisubiri magoti hayo. Alikaa kwenye kiti barazani, mikono juu ya magoti yake, akiendelea kuyasubiri. Nikaja mimi na beseni jingine.

"Kamwene, Babu," nikasema. Baba alikuwa amenifundisha.

"Kamwene, mke wangu mdogo." Hapo hapo akanifurahia, ndivyo mababu walivyo. "Angalau wewe huna hatia."

Baba akakohoa. "Ni aibu tu, Baba. Atazoea." Asubuhi yake akaondoka na lori, akatuachia.

Baadaye sana Mama alinieleza kwamba alipobatizwa aliambiwa mambo hayo ya kumkimbia mkwe yamekwisha, na yeye alikubali, na Baba alikubali, na wote wawili wakasahau. Hakujua kwamba hayajaisha mpaka aliposikia mlango wa lori. Lakini wakati ule hakuniambia kitu, na Baba alidhani ni haya za siku moja. Hivyo mimi na Babu tulikuwa hatujui lolote. Sisi wawili ndio tulioifungua kesi.

Maana kwa Babu ilikuwa kesi. Alikuwa na namna yake ya kupeleleza: hakasiriki, hatishi, anauliza swali moja leo, kesho analiuliza tena kwa upande mwingine, kana kwamba limemjia tu. Tuko barazani, anasugua vifungo vya koti kwa majivu na ndimu.

"Mama yako amewahi kufungwa?"

"Hapana, Babu."

"Hata kwa kosa dogo? Pombe ya kienyeji?"

"Mama yuko kwaya ya kanisa."

"Mm." Anasugua. "Watu wa kwaya nimewakamata wengi."

Siku nyingine: "Mjukuu wangu, hivi mama yako akiona polisi wa mjini, yule wa barabarani, anakimbia pia?"

"Hapana. Anamsalimu."

Hapo aliacha kusugua. Nikaona limemuumiza, nami nikatamani ningesema anakimbia.

Tatizo lilikuwa kwamba Babu alitembea bila kishindo. Kazi yake ya miaka yote ilimfundisha hivyo, na zamani walitembea doria pekupeku, viatu vilikuja baadaye. Unageuka, yuko nyuma yako. Basi Mama yangu maskini alikuwa haishi kuruka. Anachota maji, kivuli, ndoo inaanguka, anakimbia. Anaanua nguo, kikohozi kidogo, kanga zinabaki kwenye kamba, mtu hayupo. Kila akikimbia, macho ya Babu yanawaka, mkono unaenda mfukoni kwenye filimbi, kisha anaurudisha, mabega yanashuka.

"Mtu anayekimbia ana jambo," ananiambia. "Hilo sikufundishwa na mtu. Nimeliona."

Na ushahidi aliokuwa nao ni maisha yake. Alinisimulia yote kipande kipande, nami sikuweza kuyapanga. Mara yuko mtoto anachunga ng'ombe wa baba yake, vita vya Wajerumani vinapita bondeni. Mara anabeba mizigo ya Waingereza porini, anakula mizizi. Mara yuko Iringa bomani, tarabushi mpya. Mara yuko Chunya wakati wa dhahabu, leo ni kabla ya Iringa, kesho ni baada ya Iringa. Nikimsahihisha ananiambia, "Wewe ulikuwepo?"

Hadithi niliyoipenda ni ya kuku wa Chunya. Mchimbaji mmoja aliiba chembe za dhahabu, akazichanganya na pumba, akampa kuku wake azimeze, akaondoka na kuku kwapani kama anakwenda sokoni. Babu akamwona. Hakuona dhahabu. Aliona tu mtu anavyombeba kuku kwa upole uliopita kiasi. Akamzuia. Mzungu wake alimcheka, lakini Babu akamfungia kuku peke yake mahabusu, akamlinda, akamlisha, mpaka kuku mwenyewe akatoa ushahidi wote sakafuni.

"Mwizi alikuwa mrefu?" nilimwuliza.

"Mfupi." Safari nyingine alikuwa mrefu.

Kutokana na kuku huyo nikaanza kuota. Labda Mama yangu naye ana dhahabu! Labda aliiiba zamani, kabla ya kunizaa, na Babu ndiye polisi aliyekuwa akimtafuta, na sasa wamekutana! Niliwaza hivyo kwa siku kadhaa kwa furaha kubwa, nikajiona mtoto wa tajiri. Kisha usiku nikikumbuka pingu za polisi, furaha inaisha. Nikamfuata Mama akipepeta mchele.

"Mama, ulimkosea nini Babu?"

Ungo ukasimama. "Nani kasema nimemkosea?"

"Unamkimbia."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Utaolewa, utajua. Mpelekee chai yake ingali moto. Na mwambie nimeweka tangawizi, kwa kifua chake."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mtu gani humkimbia mwenzake halafu humwekea tangawizi? Kila alfajiri maji ya moto ya kuoga yalikuwa nyuma ya mlango wa Babu. Mashati yake yalipigwa pasi mpaka kola. Maharage yalipikwa yakalainika kwa sababu ya meno yake. Nilimwambia Babu hayo yote kama wakili.

"Kuku wa Chunya naye alibebwa kwa upole," akanijibu.

Mwezi wa sita baridi ya Mbeya ikashuka kutoka mlimani, ikamkuta Babu na kifua chake cha Idodi. Alilala siku mbili. Mama hakuingia. Alikuwa anasimama nje, nyuma ya ukuta wa chumba, anapitisha uji kwangu, anauliza kwa kunong'ona, "Amekunywa? Ameacha kiasi gani?" Ndani, Babu alikuwa amegeukia ukuta ule ule, anasema, "Hata nikifa huyu haji." Wamegawana ukuta mmoja wa udongo, mmoja analia huku, mwingine huku, na mimi katikati na bakuli.

Alipopata nguvu ya kukaa, alitoa sanduku la bati chini ya kitanda. Akakunja koti, akaweka tarabushi juu, akafunga kwa kamba.

"Babu, unafanya nini?"

"Baba yako akija na lori, narudi Idodi."

"Idodi kuna nani?"

Akafikiri. "Mbuzi mmoja nilimwachia jirani."

"Na nyumba? Baba alisema paa limeingia ndani."

"Nitakaa upande ambao haujaingia." Kisha, taratibu, bila hasira: "Mke wangu mdogo, nyumba ni ya mwanamke. Mwenye nyumba hanitaki. Maisha yangu yote nimekaa mahali ambapo watu wakiniona wanakimbia. Ilikuwa kazi. Sasa nimestaafu."

Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni, akanifuta kwa kitambaa chake cha kusugulia vifungo, nikabaki na majivu usoni.

Baba alifika kesho yake mchana. Akaliona sanduku barazani, akaenda moja kwa moja jikoni. Mimi nilikuwa nakoka moto, hakuna aliyenifukuza.

"Mzee anaondoka," Baba akasema. "Anakwenda kufia kwenye gofu. Njoo umsalimu. Mara moja tu, basi. Piga magoti, sema kamwene, rudi zako."

"Siwezi."

"Sisi ni Wakristo, mama watoto."

"Mimi ni Mkristo," Mama akasema, machozi yakimdondoka kwenye unga. "Miguu yangu haijabatizwa. Nikimsikia tu inakwenda. Nimtazame usoni baba yako? Nimdharau hivyo? Mama yangu atanilaani kaburini. Nikisimama mbele yake nitakuwa nimemwambia yeye si kitu!"

Baba akavua kofia, akakaa kwenye kinu.

Mimi nikabaki na kijinga cha moto mkononi. Kwamba kukimbia ndiko kupiga magoti! Kwamba alikuwa anamsalimu kila siku, tangu siku ya lori, anamsalimu mpaka anaangusha ndoo! Nikatoka mbio barazani.

"Babu! Babu, si kesi! Kwao Mama, anayekimbia ndiye anayeheshimu. Asiyekimbia ndiye mwenye dharau!"

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nani kakwambia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Wewe ni mtoto wa mshitakiwa. Niletee shahidi."

Ng'ambo ya mfereji alikaa bibi mmoja Mnyakyusa, muuza ndizi, mzee kuliko Babu labda. Nilimvuta mkono, akaja na kisu chake cha ndizi. Babu akamwuliza kama mtu anavyoulizwa bomani, wima.

"Eti kwenu mkamwana humkimbia mkwe?"

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Kyala wangu, Mungu wangu! Mzee wewe, ndiyo maana ulikuwa unampigia filimbi? Sisi tulidhani Wahehe ndivyo mnavyosalimia!"

"Jibu swali."

"Baba mkwe wangu alikufa sijaijua sura yake. Nimemlimia, nimempikia, nimemzalia wajukuu. Nilimjua kwa kikohozi."

"Kikohozi?"

"Alikuwa anakohoa toka mbali, 'hm, hm', tunapata kusogea kando kwa adabu zetu. Alikuwa mkwe mwema sana yule. Lakini wewe," akamnyooshea kisu, "wewe unanyatia kama paka! Binti wa watu amekonda. Unataka akimbie mpaka lini?"

Babu akawa kama mtu anayerudi nyuma njia nzima aliyopita, anatazama kila mti. Ni watu wangapi waliowahi kumkimbia aliokuwa anawakumbuka saa ile, sijui. Hakuniambia, na nilipomwuliza baadaye alijifanya amelala.

Akaangalia viatu vyake visivyo na kishindo. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nanyatia," akasema.

Sanduku lilikaa pale barazani jioni yote, limefungwa. Baba hakuthubutu kuligusa. Asubuhi nilipoamka nikasikia filimbi: fyu, fyu, mara mbili, laini, si ile ya kumkamata mtu. Ilitoka chumbani. Mama aliyekuwa uani akainua kichwa. Akaweka ndoo chini bila kumwaga tone, akajitanda kanga, akatembea, nasema akatembea, mpaka kwenye migomba, akasimama kuipa nyumba mgongo. Babu akatoka, akaenda kuoga, akarudi. Fyu. Mama akarudi kwenye ndoo yake.

Sanduku nikalikuta chini ya kitanda.

Tangu hapo nyumba yetu iliendeshwa kwa filimbi. Wageni waliokuja walidhani tuna mpira uani. Kisha Babu na Mama wakaanza hata kuzungumza, ingawa bibi wa ndizi alisema hiyo nayo haifai, ila mjini mambo yameharibika. Babu anakaa barazani, Mama yuko jikoni nyuma ya ukuta, na Babu anamwambia kuku: "Wewe kuku, mwambie aliyepika maharage haya, bomani Iringa hatukuwahi kupata kama haya." Na Mama anakiambia chungu: "Chungu wewe, kuna watu waongo, chumvi ilizidi." Babu anacheka mpaka anakohoa, chungu kinaulizwa kama kuku ana dawa ya kifua. Nilikuwa nafanya hesabu zangu za shule katikati yao na hesabu zote zinatoka vibaya.

Lakini usidhani nilielewa. Mimi ni wa wote wawili. Akija mtu mzima wa kuheshimiwa, goti moja linataka kukunjika na mguu mwingine unataka kwenda, nabaki nimepinda kama mtu aliyeumwa na siafu. Mwalimu aliwahi kuniuliza kama nina ugonjwa.

Babu alikaa nasi miaka, mpaka mimi nikaacha shule, nikawa msichana mkubwa ninayeshona nguo za watu kwa cherehani ya kukodi na bado naongea na ndege. Pumzi yake ikapungua. Filimbi ikawa inatoa hewa tu, basi mimi nikawa nampigia. Halafu akawa hatoki tena kitandani, na hapakuwa na haja ya kupiga. Mama angeweza kwenda popote uani bila hofu. Hakwenda. Aliendelea kuzungukia mbali, kwenye migomba, kana kwamba mzee anaweza kutoka wakati wowote. Nafikiri alikuwa anataka atoke.

Alifariki mchana, Baba amemshika mkono, mimi miguu, na Mama nyuma ya ule ukuta, akiimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa. Babu hakujua Kinyakyusa. Alikuwa anausikiliza, nilimwona.

Alitaka alazwe Idodi kando ya Bibi, basi Baba akaomba lori kwa Mhindi, likafagiliwa, ingawa harufu ya mchele ilibaki. Lilipoanza kuondoka Mama akatoka kwenye migomba, akasimama katikati ya uwanja, mahali pale pale Babu aliposimama siku ya kwanza. Akalitazama mpaka likapinda.

Tuliporudi kutoka Idodi, Mama aliniita jikoni. Alikuwa ameshika shati moja la Babu.

"Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto," akasema. "Nililijua kwa shati. Ni kwa ajili ya bunduki?"

"Nadhani, Mama."

"Alikuwaje usoni?"

Nikafungua mdomo. Jamani, mimi niliyemwona kila siku, niliyemlisha kwa kijiko! Nikaanza: pua yake ilikuwa... macho yake... Kila nililosema lilikuwa la mzee yeyote. Nikasema alikuwa mzuri. Nikasema anafanana na Baba, kisha nikaona hapana, hafanani. Mama akasubiri kwa hamu, akaona sina kitu, akalikunja lile shati vizuri, kola juu.

Jumapili iliyopita vijana wa Ilomba walikuwa wanacheza mpira kwenye uwanja wa chini. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni, mimi napiga pasi. Refa akapuliza filimbi. Mama akaweka sinia chini, taratibu, akajitanda kanga, akaenda mpaka kwenye migomba, akatugeuzia mgongo.

Nilitaka kumwita, nimwambie Mama, ni mpira tu. Sikumwita. Niliiweka pasi kwenye jiko, nikageuka kutazama mlango wa chumba cha Babu, kwa sababu, niseme kweli, nami nilikuwa nasubiri atoke.